Mjomba, Treni Zangu Zimegoma

Swali ni lile lile kila wiki. Kijana anafika kibandani, simu mkononi, salamu anaitupa mbiombio: "Shikamoo mjomba. Treni zangu zimegoma." Naitikia marahaba, napokea simu, natazama. Treni nne ziko kwenye makutano, kila moja inaisubiri nyingine, taa nyekundu kote, na deni la benki linapanda.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja, ndiyo maana naandika. Nitazungumzia zaidi OpenTTD, kwa kuwa ndilo gemu wengi wenu mnalo: ni la bure, linafunguka hata kwenye kompyuta kuukuu, na ukishalipakua pamoja na picha zake linachezeka bila bando. Wenye Factorio nao nimewawekea fungu lao huko mbele, wasiruke.

"Lakini Mtwara hakuna treni, yanatuhusu nini?"

Ziliwahi kuwapo. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947, ulileta reli upande wetu huu wa kusini. Ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikaenda Nachingwea. Bandari ya Mtwara ilipokuwa tayari katika miaka ya 1950, njia nyingine ikatoka Mtwara kwenda kuungana na ile ya kwanza. Karanga zenyewe zilikwisha kushindwa, mpango ukavunjwa 1951, na reli ikajikongoja bila mzigo wa kutosha hadi ilipofungwa 1962. Kwa hiyo babu zenu waliishi na makutano ya reli ya kweli, na kuna mtu aliyekuwa akiamua treni ipi ipite kwanza. Mwishoni nitawapa zoezi la kuifufua reli hiyo kwenye kioo.

Na wewe mzazi unayesoma begani kwa mwanao, ukisema gemu ni kupoteza muda, sibishani nawe. Nakuomba tu umpe saa moja akiwa amemaliza kazi za nyumbani.

Shika hili kabla ya mengine yote

Wengi mnadhani ishara ni taa ya kuiambia treni "nenda". Mnaipachika kila mahali mkidhani mnaiharakisha. Ishara ni mahali pa kusimama. Kila unapotaka kuweka moja, jiulize: treni ikisimama hapa, mkia wake utakuwa wapi, na utamzibia nani?

Aliyewahi kuvuka Ruvuma kwa kivuko pale Kilambo anaielewa kanuni hii bila kufundishwa. Magari yanayosubiri yanatakiwa kukaa juu, mbali na ukingo. Akitokea dereva mwenye haraka akashuka hadi chini kabisa, matairi karibu na maji, magari yanayotoka upande wa Msumbiji hayana pa kutokea. Kivuko hakiwezi kushusha, kwa hiyo hakiwezi kupakia. Aliyewahi ndiye anayewachelewesha wote, na yeye mwenyewe akiwamo. Treni zenu nne zilizogoma zinafanya jambo hilo hilo, ila huwezi kuzisikia zikipigiana honi.

Maneno ya kuelewana

- *Kipande*: urefu wa reli kati ya ishara moja na inayofuata.
- *Swichi*: pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili, au mbili zinapoungana kuwa moja.
- *Njia ya kupishana*: sehemu fupi ya reli mbili katikati ya njia moja ndefu, ili treni zinazokutana zipeane nafasi.
- *Kushika njia*: treni kujiwekea nafasi ya reli iliyo mbele yake kabla haijaikanyaga, kama mtu anayewahi siti kwa kuweka kitambaa.

Kugawa reli vipande si jambo la tangu mwanzo. Zamani katika reli nyingi treni ya pili iliruhusiwa baada ya dakika kadhaa kupita, basi. Tarehe 12 Juni 1889 huko Armagh, Ireland, mabehewa yaliyokatwa kutoka kwenye treni iliyoshindwa mlima yalirudi nyuma yakaivaa treni iliyokuwa ikifuata. Watu wapatao 80 walikufa, wakiwamo watoto waliokuwa wakienda matembezi. Mwaka huo huo Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kulazimisha vipande badala ya saa. Hapa kwetu nasi tunayo Igandu, mkoani Dodoma, 24 Juni 2002: treni ya abiria ilirudi nyuma mteremkoni ikagongana na ya mizigo, watu zaidi ya 280 wakafariki. Kwenye gemu ajali inakuondolea pesa zisizokuwapo. Nawataka tu mjue kwamba sheria mnazoziona za usumbufu hazikubuniwa na watengeneza gemu.

Nitumie ishara ipi?

Kuanzia toleo la 12 la OpenTTD, gemu likiwa kama lilivyotoka, kidirisha cha ishara kinakuonyesha aina mbili tu: ishara ya njia, na ishara ya njia ya upande mmoja. Hizo mbili zinatosha. Yapo mafunzo ya zamani yanayoeleza aina nyingine nne, za kuingilia, za kutokea na kadhalika. Yana ujanja wake, lakini ukiwa mgeni yatakuchanganya bure. Yaache.

Tofauti ya hizi mbili ni moja:

1. *Ishara ya njia* inaisimamisha treni inayoiona usoni. Inayotokea mgongoni inapita kana kwamba hakuna kitu.
2. *Ishara ya upande mmoja* inaisimamisha treni inayoiona usoni, na inayotokea mgongoni haipiti kabisa. Ni ukuta.

Ukiwa na shaka weka ya upande mmoja. Makosa yake yanaonekana mapema.

"Mbona taa zangu zote nyekundu na njia ni wazi?"

Hili naulizwa kuliko yote, na wengine wamekwisha kubomoa reli nzima kwa sababu yake. Ishara ya njia kwa kawaida hukaa nyekundu. Inageuka kijani pale tu treni inapoikaribia na kufanikiwa kushika njia iliyo mbele. Nyekundu haina maana kwamba kuna ubaya. Ubaya upo pale ambapo treni imesimama mbele ya nyekundu na haiondoki.

Ukitaka kuona kinachoendelea, ingia kwenye mipangilio ya gemu uwashe kionyesho cha njia zilizoshikwa. Reli iliyoshikwa itaonekana na rangi nzito zaidi. Mimi simsaidii mtu kabla hajawasha kitu hicho, kwa sababu bila hicho tunakisia wote wawili.

Hatua kwa hatua, usiruke hata moja

*Hatua ya kwanza: treni moja, bila ishara.* Stesheni mbili, reli moja, karakana moja. Iache iende na kurudi mara tatu. Pima urefu wake: kichwa na kila behewa huchukua nusu mraba wa ramani ya gemu, kwa hiyo kichwa na mabehewa tisa ni miraba mitano. Andika namba hiyo kwenye karatasi, tutaihitaji sana.

*Hatua ya pili: nunua treni ya pili.* Hapa utakuja kulalamika kwamba haitoki karakana. Haitatoka. Karakana yenyewe ni kama ishara, na reli yako nzima ni kipande kimoja ambacho kina treni tayari. Gemu linakulinda. Usitafute njia ya kulazimisha.

*Hatua ya tatu: weka njia ya kupishana.* Katikati ya safari, tenganisha reli ziwe mbili kwa urefu wa treni yako na mraba mmoja au miwili ya ziada, kisha ziunganishe tena. Reli ya kaskazini iwe ya wanaokwenda, ya kusini ya wanaorudi. Kila reli ipate ishara moja tu ya upande mmoja, *pale inapotokea*, ikimtazama anayetoka. Pale inapoingilia usiweke kitu.

Ukifanya hivyo, treni inayotoka njia ya kupishana inashika reli yote moja iliyo mbele hadi kituo kinachofuata. Ya upande wa pili ikitaka kutoka inakuta imeshikwa, inatulia. Reli nyingi za njia moja duniani zimefanya kazi hii kwa tokeni: kifaa kinachokabidhiwa dereva, na mtambo wa stesheni hautoi cha pili mpaka cha kwanza kirudishwe. Asiye na tokeni haondoki.

Tahadhari mbili hapa:

- Usiweke ishara hata moja katikati ya ile reli moja. Ukiiweka, treni mbili zitaingia kutoka pande mbili, zitakutana pua kwa pua, na hakuna atakayerudi.
- Hesabu nafasi za kusimama, yaani kila reli ya kupishana na kila reli ya stesheni. Treni zako zisifikie hesabu hiyo. Wakati wote pawepo nafasi tupu, la sivyo hakuna wa kusogea kwanza.

*Hatua ya nne: reli mbili.* Pesa zikiruhusu, jenga ya pili pembeni, kila moja iwe na upande wake. Sasa ishara za upande mmoja unaweza kuziburuta mfululizo. Gemu huziweka kila baada ya miraba minne usipoliambia vingine. Badilisha namba hiyo iwe sawa na urefu wa treni yako ndefu kuliko zote.

Wengi huipuuza sentensi hiyo ya mwisho. Someni kilichompata mpwa wangu.

Makutano ya Nanyamba

Mpwa wangu ana mtandao mkubwa, stesheni amezipa majina ya kwetu: Nanyamba, Tandahimba, Newala. Anabeba mahindi, maana gemu halina korosho. Jioni moja kanijia amenuna: kila kitu kilikuwa kinakwenda vizuri hadi alipoongeza mabehewa.

Tukatazama pamoja. Treni yake sasa ilikuwa na kichwa na mabehewa kumi na moja, yaani miraba sita. Baada ya makutano, ishara ya kwanza ilikuwa mraba wa nne, kwa kuwa aliburuta tu bila kupima. Mbele ya ishara hiyo kulikuwa na treni nyingine imeharibika. Kwa hiyo treni ya mahindi ikasimama pale pa nne kama ilivyoamriwa, na miraba miwili ya mkia ikabaki juu ya swichi. Treni ya Newala ikaja ikakuta swichi imekaliwa, ikasimama. Nyuma ya hiyo ikasimama nyingine, ambayo mkia wake ulifika kwenye makutano ya pili. Ile iliyoharibika ilipotengenezeka, mbele yake pakawa pameshazibwa na huo mkia wa mwisho. Fundo likakamilika.

"Gemu lina kasoro, mjomba."

Nikamwambia ang'oe ishara mbili na kuweka moja kwenye mraba wa saba. Fundo lilihitaji pia kulegezwa kwa mkono, nitaeleza jinsi, lakini tangu siku hiyo halijarudi.

Basi kanuni za makutano kwenye OpenTTD ni hizi:

1. Weka ishara kwenye kila mlango wa kuingilia, nje kidogo ya swichi ya kwanza.
2. Ndani ya makutano usiweke kitu, hata kama pana nafasi nzuri inayokutamanisha.
3. Baada ya kutoka, ishara ya kwanza iwe mbali na swichi ya mwisho kwa urefu wa treni ndefu kuliko zote, au zaidi.
4. Nyuma ya kila mlango wa kuingilia pawe na nafasi ya treni kusubiri bila mkia wake kugusa makutano yaliyotangulia.

Ya nne ndiyo inayosahaulika. Kama makutano yako mawili yamebanana kiasi kwamba treni haienei kati yake, yahesabu kuwa makutano mamoja na uondoe ishara zote zilizo katikati.

Stesheni ya mwisho wa reli

Fupi tu. Reli ya kuingia iwe na ishara ya upande mmoja karibu na mahali swichi za stesheni zinapoanzia, na ya kutoka iwe na ishara yake ya kwanza mbele ya swichi hizo kwa urefu wa treni. Kwenye majukwaa yenyewe ya mwisho wa reli huhitaji ishara, treni inajua ni mahali salama pa kusimama. Katikati ya ishara ya kuingilia na majukwaa pasiwe na ishara nyingine.

Wa Factorio

Ninyi mna taa mbili: ya kawaida, na ya mnyororo ambayo huangalia taa iliyo mbele yake kabla ya kuruhusu. Weka ya mnyororo kwenye kuingilia makutano, ya kawaida kwenye kutokea, na zote zikae mkono wa kulia wa mwelekeo wa treni.

Lakini angalieni tofauti, kwa sababu hapa ndipo wanaohama gemu hukwama. Kwenye Factorio taa ya kutokea inakaa *papo hapo* baada ya makutano, na kipande kinachoifuata ndicho kienee treni nzima. Taa ya mnyororo haimruhusu mtu kuingia mpaka kipande hicho kiwe tupu. Ukihamishia mpangilio huu OpenTTD kwa ishara za njia, treni itasimama kwenye ishara hiyo ya papo hapo na mwili wake wote ukiwa ndani ya makutano. Nimeuona ugonjwa huu mara nyingi kwa waliojifunzia kwenye video za gemu moja wakalichezea lingine.

Fundo likishafungika

Usibonyeze ovyo. Fuata mpangilio huu:

1. Sevu kwanza, kwa jina jipya. Umeme wetu mnaujua.
2. Simamisha muda wa gemu.
3. Anza na treni yoyote, uliza inamsubiri nani. Nenda kwa huyo, uliza tena. Utazunguka mpaka urudi ulikoanzia. Mzunguko huo ndio fundo.
4. Chagua treni moja katika mzunguko yenye nafasi nyuma yake, uigeuze irudi ilikotoka. Kitufe cha kugeuza kipo kwenye dirisha la treni.
5. *Kabla* hujaachia muda, rekebisha ishara iliyosababisha. Ukiachia kwanza utarudi hapa baada ya dakika tano.

Kuna kitufe kingine dirishani humo, cha kuilazimisha treni ipite taa nyekundu. Kinafanya kazi, na treni zilizo mbele hakizijui. Kitumie pale tu unapoona kwa macho yako kwamba reli yote mpaka ishara inayofuata ni tupu. Kama treni ni ya abiria, mimi sikitumii kabisa, hata kwenye gemu. Niiteni mwoga.

Makosa mengine, kwa haraka

- Ishara iliyotazama upande usio wake. Bonyeza juu yake tena, inageuka. Ukiona treni inatafuta njia ndefu ya ajabu, anzia kuangalia hapo.
- Njia ya kupishana fupi kuliko treni. Mkia unaning'inia kwenye reli moja, na anayekuja hawezi kupita. Ukiongeza mabehewa, rudi ukapime upya.
- Karakana katikati ya makutano. Kila inayoingia matengenezo inazuia wote.
- Kuongeza treni kwa kudhani foleni inatokana na uchache wa treni.
- Kuiga picha ya makutano makubwa ya mtandaoni yenye madaraja sita. Una treni tano. Huyahitaji.

Zoezi: fufua reli ya kusini

Fungua gemu jipya, weka bahari mashariki. Jenga stesheni mbili pwani, moja uiite Mkwaya na nyingine Mtwara, na ya tatu bara, Nachingwea. Fanya kama walivyofanya wao: kwanza Mkwaya hadi Nachingwea, reli moja, njia tatu za kupishana, treni mbili. Iendeshe mwaka mzima wa gemu. Kisha leta njia ya Mtwara ije iungane, uongeze treni mbili nyingine.

Kazi yako ni pale panapoungana. Mmoja wenu aliniuliza aweke wapi njia ya kupishana: kabla ya muungano au baada? Jaribu zote mbili, kila moja kwa mwaka wa gemu, uhesabu treni zilizofika Nachingwea. Mimi ninayo yangu niliyoipenda, ila siwaambii mpaka mniletee hesabu zenu.

Ukipata nauli ya kwenda Dar es Salaam, panda pia SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma Julai mwaka huo. Mfumo wake wa ishara ni ETCS wa Ulaya: ruhusa ya kuendelea humfikia dereva kwenye kioo ndani ya kabini. Treni ikisimama ghafla porini pasipo stesheni, usiwe wa kwanza kulalamika. Tazama dirishani kama kuna nyingine inakuja upande wa pili, uhesabu imechukua dakika ngapi.

Nipo kibandani kuanzia saa kumi jioni. Njooni na simu zenye chaji, na ile karatasi ya urefu wa treni.